Panya Asiyekohoa

Waliokufa ndani ya siku tatu za mwanzo hawahesabiwi. Hao, kwa kanuni za maabara, wameuawa na sindano yenyewe au na mkono uliokosea, si na ugonjwa. Kuanzia siku ya nne ndipo mtaalamu anapopita kila asubuhi kati ya rafu za vizimba, fomu mkononi, akiandika panya gani yu hai, gani amekufa, na gani amejikunyata pembeni manyoya yamemsimama. Ataendelea hivyo hadi siku ya 14.

Ni panya wadogo weupe, ambao walipoanza kutumika hawakuwa wametimiza wiki tano. Wiki mbili kabla ya hesabu hiyo kuanza walichomwa tumboni chanjo ya kifaduro. Kundi la kwanza lilipata dozi nzito, la pili ikazimuliwa, la tatu ikazimuliwa zaidi. Makundi mengine matatu yalipewa vivyo hivyo chanjo ya rejea, yaani ile ambayo nguvu yake imekwisha kujulikana. Kila kundi lina panya wasiopungua 16. Kisha wote wakachomwa bakteria hai wa kifaduro, safari hii ndani ya ubongo, tone la 0.02 ml hivi, lenye wadudu wa kutosha kumuua panya asiyechanjwa mara mia na zaidi. Pembeni wapo panya wengine 40 ambao hawakuchanjwa kabisa, kazi yao ni kuonyesha ukali wa bakteria wenyewe. Ukijumlisha ni panya 136 kwa bachi moja, na hapo ni kama jaribio halikuharibika likarudiwa.

Siku ya 14 ikifika, waliobaki huhesabiwa. Mtaalamu hutafuta kiasi cha chanjo kilichookoa nusu ya kundi, akakilinganisha na kiasi cha chanjo ya rejea kilichofanya kazi hiyo hiyo, na jibu likatoka kwa yuniti za kimataifa. Dozi moja ya mtoto haitakiwi kupungua yuniti 4. Ikipungua, bachi nzima haitoki kiwandani.

Jambo la ajabu ni kwamba panya hapati kifaduro. Hakohoi mpaka uso ukawa wa samawati, hatapiki baada ya kikohozi, wala havuti pumzi kwa ule mlio ambao mzazi akiusikia mara moja hausahau. Mnyama asiyejua ugonjwa huo ndiye anayetoa hukumu juu ya dawa yake, na hukumu hiyo imefuatwa kwa zaidi ya miaka 70.

Kipimo hiki kilizaliwa Grand Rapids, mji wa viwanda vya samani katika jimbo la Michigan nchini Marekani. Pearl Kendrick na Grace Eldering walikuwa walimu wa shule kabla ya kuingia maabara, na mwaka 1932, mdororo wa uchumi ukiwa umeshika koo la nchi, waliamua kukishughulikia kifaduro jioni, baada ya kazi zao za kawaida kwenye maabara ya afya ya jimbo. Walitembea nyumba kwa nyumba katika mitaa ya watu waliopoteza ajira. Ndani ya vyumba vilivyoangazwa na taa za mafuta ya taa walimshikia mtoto mgonjwa kisahani chenye damu ya kondoo karibu na mdomo, wakamngoja akohoe. Kilichoota juu ya kisahani ndicho walichotumia kutengenezea chanjo. Mwaka 1936 walimwalika Eleanor Roosevelt, mke wa rais, aje aione kazi yao. Alikuja, na baadaye fedha za kuajiri wasaidizi zikapatikana. Katika miaka ya 1940 alijiunga nao Loney Gordon, mkemia Mmarekani mweusi, ambaye alipitia maelfu ya visahani akitafuta aina ya bakteria iliyofaa zaidi na namna nzuri ya kuiotesha.

Chanjo yao ilifanya kazi. Tatizo lilikuwa lingine: utajuaje kwamba chupa iliyotengenezwa leo ina nguvu sawa na ile ya mwaka jana? Bakteria huoteshwa, huuawa, huoshwa, na katika kila hatua kinaweza kupotea kitu kisichoonekana kwa darubini. Huwezi kila mwezi kuwaita watoto elfu moja, ukawachanja, ukangoja uone nani ataugua. Watafiti wa wakati huo walijaribu kuwaambukiza panya puani na tumboni, na matokeo yakawa yanayumba kama mlevi. Mwaka 1947 Kendrick, Eldering na wenzao walichapisha njia ya kuchoma ubongoni.

Huenda ingebaki kuwa njia moja kati ya nyingi kama Waingereza wasingekuwa na shughuli yao wenyewe. Kuanzia 1946 Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilifanya majaribio ya chanjo mbalimbali za kifaduro kwa maelfu ya watoto, likafuatilia hasa nyumba ambamo ndugu wa mtoto aliyechanjwa alikuwa tayari anaumwa. Hapo ndipo chanjo hupimwa kwelikweli, maana watoto wanalala kitanda kimoja. Tofauti ilikuwa kubwa mno. Baadhi ya chanjo zilimkinga mtoto vizuri hata akiwa ubavuni mwa mgonjwa, nyingine zilikuwa karibu sawa na maji. Orodha hiyo ilipowekwa kando ya orodha ya panya waliochomwa ubongoni, mpangilio ulifanana: chanjo iliyookoa panya ndiyo iliyookoa watoto. Kutokana na ulinganifu huo kipimo cha Kendrick kikakubaliwa duniani, na mwaka 1957 ikawekwa chanjo ya kwanza ya rejea ya kimataifa ya kifaduro.

Maelezo ya kwa nini ubongo yalikuja taratibu. Ndani ya vijumba vya ubongo vyenye maji kuna seli zenye vinyweleo vinavyopepea, zinazofanana na zile zinazotanda njia ya hewa ya binadamu. Bakteria wa kifaduro anapenda kung'ang'ania vinyweleo hivyo. Kumbe sindano ile, kwa ukatili wake wote, ilikuwa imempeleka mdudu mahali panapofanana na kwao.

Wazo la kutumia mnyama kama mzani halikuanza Michigan. Katika masoko ya pwani yetu, zamani, nafaka ilipimwa kwa kibaba na pishi, na ugomvi haukuwa juu ya nafaka bali juu ya pishi ya nani. Madaktari wa Ujerumani walikutana na ugomvi huo huo katika miaka ya 1890, Emil von Behring na wenzake walipoanza kutibu dondakoo kwa maji ya damu ya wanyama waliokingwa. Damu ya farasi huyu ilikuwa na nguvu, ya yule ilikuwa hafifu, na daktari hakuwa na njia ya kujua ameshika ipi. Mwaka 1897 Paul Ehrlich alitoa pishi ya kudumu. Alichukua dawa moja, akaikausha, akaifungia kwenye mirija isiyo na hewa mahali penye giza na baridi, akasema: hii ndiyo yuniti, kila dawa nyingine italinganishwa nayo. Aliyebeba ulinganisho huo alikuwa simbilisi mwenye uzito wa gramu 250, mnyama yule yule ambaye katika vijiji vya Kivu watoto humfuga jikoni kwa ajili ya kitoweo.

Fikra ya Ehrlich ilikuwa ya kijanja kuliko inavyoonekana. Simbilisi hubadilika: wa leo ana afya, wa kesho dhaifu, wa Frankfurt si wa Paris. Lakini ukizipima zote mbili siku moja, dawa mpya na dawa ya rejea, udhaifu wa mnyama unaangukia pande zote mbili za mzani.

Hadi hapo ilikuwa chupa moja, ugonjwa mmoja. Mambo yaligeuka magumu chanjo zilipoanza kuchanganywa. Dondakoo, pepopunda na kifaduro viliwekwa pamoja katika miaka ya 1940, na Kendrick mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliofanya hivyo. Baadaye ikaongezwa homa ya ini B, kisha Hib, bakteria anayesababisha kichomi na homa ya uti wa mgongo kwa watoto wadogo. Ndiyo pentavalenti, sindano ya pajani ambayo mtoto hupewa akiwa na wiki 6, 10 na 14. Kenya iliianza mwaka 2001, Uganda 2002, Tanzania 2009. Kwa mama aliyepanga foleni kliniki ni sindano moja na kilio kimoja. Kwa maabara ni kesi tano ndani ya nusu mililita, na kila kesi ina hakimu wake.

Dondakoo huenda kwa simbilisi. Huchanjwa, wakaachwa siku 28, kisha wakachomwa sumu ya dondakoo. Kwa njia ya zamani aliyekingwa huishi, asiyekingwa hufa. Kwa njia iliyo na huruma kidogo, ubavu wa simbilisi hunyolewa manyoya, sumu ikachomwa vidoa vidogo ndani ya ngozi kwa viwango mbalimbali, na mtaalamu akasoma wekundu wa kila kidoa kama anavyosoma karatasi. Pepopunda huenda kwa simbilisi au panya, na dalili inayotafutwa ni mguu wa nyuma uliokakamaa. Kifaduro tumekwisha kukiona. Homa ya ini B inaweza kupimwa ndani ya kisahani bila mnyama. Hib ndiyo isiyo na damu kabisa: wakemia hupima kiasi cha sukari ya bakteria, wakaangalia ni kiasi gani kimeshikamana na protini yake na kiasi gani kimechopoka.

Sasa njoo kwenye pepopunda, maana hapo mzani wenyewe ulionyesha kasoro. Kitabu cha viwango cha Ulaya kinataka dozi ya mtoto katika mchanganyiko wenye kifaduro iwe na yuniti zisizopungua 40 za pepopunda ikipimwa kwa simbilisi. Ikipimwa kwa panya, zinatakiwa 60. Chupa ni ile ile, mtoto ni yule yule. Kwa nini namba mbili?

Kwa sababu panya anaisifia mno. Bakteria mzima wa kifaduro, hata akiwa amekufa, anauchochea mwili wa panya kiasi kwamba unaitikia pia pepopunda iliyo jirani yake kuliko ambavyo ungeitikia peke yake. Ni kama mzani wa sokoni ambao ukiweka gunia la mchele karibu na gunia la vitunguu, mchele unaongezeka uzito. Walioandika viwango hawakuutupa mzani huo. Walipandisha kiwango ili sifa za ziada zipunguzwe. Ni suluhisho la kibiashara zaidi kuliko la kisayansi, na limefanya kazi, lakini linaonyesha kile ambacho wanaotengeneza chanjo za mchanganyiko wanakijua siku zote: viungo vinaongea ndani ya chupa.

Mara nyingine vinagombana. Kihifadhi chenye zebaki, thimerosali, kimetumika miaka mingi kulinda chupa za dozi nyingi dhidi ya vijidudu, na hakileti shida kwa pepopunda wala dondakoo. Kiweke pamoja na chanjo ya polio ya sindano, kinaibomoa. Ndiyo maana kuongeza polio kwenye mchanganyiko kulilazimu kutafuta kihifadhi kingine, na upimaji wote kuanza upya.

Halafu kuna baridi. Sehemu kubwa ya nguvu ya pentavalenti inategemea chumvi ya aluminiamu ambayo antijeni, yaani viungo vinavyoamsha kinga, zimeng'ang'ania juu yake. Chanjo ikiganda, chembe hizo hugandamana na hazirudi tena kuwa kama zamani hata ikiyeyuka. Muuguzi wa zahanati hana panya wa kumwambia hilo, ila ana mikono. Akishuku kichupa, huchukua kingine cha bachi hiyo hiyo, akakigandisha makusudi, akakiyeyusha, kisha akavitikisa vyote viwili kwa pamoja na kuviweka mezani kwenye mwanga. Kile kilichoganda huanza kujitenga, mashapo meupe yakashuka chini na maji yakabaki mangavu juu, wakati kizima kingali na utusitusi wa maziwa yaliyozimuliwa. Kichupa kilichoshukiwa kikishuka sawa na kile kilichogandishwa, kinatupwa. Vikishatikiswa, jibu hupatikana ndani ya nusu saa.

Ulinganisho huo wa mezani na ule wa Ehrlich ni ndugu. Na ukiutazama, swali linakuja lenyewe: kama mikono na mwanga wa dirisha vinaweza kufanya kazi fulani, panya 136 wanafanya nini?

Mwaka 1959 Waingereza wawili, William Russell na Rex Burch, walichapisha kitabu kilichotaka wanasayansi waache kutumia mnyama panapowezekana, wapunguze idadi yake pasipowezekana, na wamwondolee maumivu kadiri iwezekanavyo. Upimaji wa chanjo ulikuwa shabaha ya wazi, kwa kuwa unarudiwa kwa kila bachi, tena kiwandani na kisha mara nyingine katika maabara ya serikali. Na kipimo cha Kendrick, kwa maumivu, kiko mstari wa mbele. Hata kama hujali panya, kina udhaifu wa kihesabu. Jibu la yuniti 4 linakubalika hata kama mpaka wa chini wa makadirio ni 2. Muuza mchele ambaye kilo zake nne huenda ni mbili asingedumu Kariakoo wiki moja.

Uholanzi ilichukua hatua mapema. Daktari wa mifugo Coenraad Hendriksen na wenzake, katika taasisi ya afya ya umma pale Bilthoven, walisema hakuna haja ya kumchoma sumu mnyama aliyekwisha kuchanjwa. Chukua damu yake, pima kingamwili ndani ya kisahani chenye vishimo 96, na sumu ichanganywe humo badala ya mwilini. Kwa dondakoo, sumu hujaribiwa juu ya seli za Vero, ambazo chimbuko lake ni figo ya tumbili wa Afrika, zilizooteshwa Chiba, Japani, mwaka 1962 na zinaendelea kugawanyika mpaka leo. Idadi ya wanyama ilishuka na mateso yakapungua. Kifaduro nacho kikapata njia ya damu pale pale Bilthoven, panya akichanjwa bila kuambukizwa.

Kuanzia 2016 mradi mkubwa wa Ulaya uitwao VAC2VAC uliunganisha viwanda, vyuo na wadhibiti kutafuta jambo kubwa zaidi: kuacha kuuliza kila bachi "una nguvu kiasi gani?" na kuuliza "je, unafanana na bachi zilizokwisha kuwakinga watoto?" Kemia na vipimo vya kisahani vinaweza kujibu swali la pili kwa usahihi ambao panya hajawahi kuukaribia. Kwa pepopunda na dondakoo, ambazo ni protini moja moja zilizotolewa ukali, njia hiyo inaeleweka. Kwa kifaduro cha bakteria mzima ni vigumu zaidi, kwa kuwa ndani ya bakteria kuna vitu vingi na hakuna aliyeweza kutaja kwa uhakika ni kipi hasa kinachobeba kinga.

Na hapa kuna jambo ambalo mijadala ya Ulaya hulipita haraka. Nchi tajiri nyingi zimekwisha kuachana na chanjo ya bakteria mzima. Japani ilitangulia mwaka 1981 kwa chanjo iliyosafishwa, yenye vipande vichache tu vya bakteria. Haileti homa kali wala uvimbe kama ya zamani, lakini baadhi ya chanjo za aina hiyo zikipelekwa kwenye kipimo cha Kendrick hazifanyi vizuri. Watoto wanakingwa, panya hawakingwi vya kutosha, kwa hiyo katika nchi nyingi ikabidi chanjo hizo zitafutiwe vipimo vingine. Kinga yake nayo huisha mapema. Mwaka 2010 California ilipata wagonjwa wa kifaduro zaidi ya 9,000, na watoto wachanga 10 wakafa.

Wanaobaki na bakteria mzima, na hivyo na panya wa Kendrick, ni sisi wenye pentavalenti. Viwanda kadhaa vikubwa vinavyoitengeneza viko India na Indonesia. Kimojawapo ni Serum Institute ya Pune, iliyoanzishwa mwaka 1966 na familia ya wafuga farasi wa mbio, ambao farasi wao waliostaafu walikuwa wakienda Mumbai kutoa damu ya kutengenezea dawa za kukinga sumu. Bachi ya India ikitoka kiwandani hupelekwa Kasauli, mji mdogo wa vilimani katika jimbo la Himachal Pradesh, ambako maabara ya serikali huikagua kabla ya kuruhusiwa kuuzwa. Karatasi za ukaguzi huo husafiri na shehena. Kichupa kinachofunguliwa Tanga asubuhi ya leo kimekwisha kuhukumiwa na panya walioishi na kufa mbali sana na Tanga, miezi kadhaa kabla.

Kubadilisha kipimo maana yake si kununua mashine tu. Kila kiwanda kitatakiwa kuonyesha kwamba njia mpya inaikamata bachi mbovu, na bachi mbovu za kujaribia hazipatikani kwa urahisi, kwani watengenezaji wazuri hawazizalishi. Kila mdhibiti wa kila nchi inayonunua atatakiwa kukubali. Na njia mpya, iwe ya damu au ya kisahani, itatakiwa kutoa jibu kwa yuniti, ambazo maana yake ni kiasi kilichookoa nusu ya panya. Chanjo ya rejea yenyewe huisha, ampuli baada ya ampuli. Hazina ikikaribia kumalizika, maabara za nchi mbalimbali hupelekewa ampuli mpya pamoja na zile za zamani, na kazi ya kuzilinganisha hufanywa na panya.